Shaba ya Mama Mikebe

Bathsheba Mong'ina aliteremka kutoka vilima vya Kisii mwaka 1956 akiwa na mikungu sita ya ndizi na mume aliyenung'unika nyuma yake njia nzima. Mume huyo, Ogeto, alitaka warudi kabla jua halijawa kali. Mkewe alikuwa amesikia kwamba huko Migori, upande wa kuelekea ziwani, kuna mgodi wa shaba wenye mamia ya wanaume wanaolipwa mwisho wa mwezi na wasio na nafasi ya kulima. Wanaume wa namna hiyo lazima wale. Hakuhitaji habari nyingine.

Ndizi ziliisha kabla ya saa nne asubuhi. Ogeto akapata kazi ya kukata miti ya kuegemezea paa za mgodini, na mkewe akapata kibanda mbele ya lango. Hapo ndipo alipoona lori likiingia limejaa mikebe mikuukuu: ya samli, ya maziwa, ya rangi, mingine imepondeka, yote ina kutu. Akaona mizani. Akaona karani akiandika. Mtu akinunua takataka mara moja utasema amekosea, lakini akiinunua kila wiki na kuipima, hiyo si takataka tena, na anayeendelea kuiita hivyo ndiye anayepunjwa. Mong'ina alimwuliza karani wanaitakia nini mikebe ile. Karani akamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, mama auze ndizi zake.

Akauza ndizi zake, na wiki iliyofuata akaleta mikebe.

Aliizoa kila mahali. Isebania, ambako malori yalisimama mpakani na madereva wakatupa kila walichomaliza kula. Uriri, siku za soko. Nyuma ya hoteli za Migori, ambako wapishi walimruhusu achukue bure mpaka walipogundua kwamba anauza, wakaanza kudai chochote, naye akawapa ndizi zilizoanza kupiga weusi. Watoto walimwimbia Mama Mikebe, na wakubwa nao wakalichukua jina. Aliliacha likae. Biashara inayochekwa haina washindani, na kwa miaka miwili hakuwa na mshindani hata mmoja.

Jambo moja tu lilimwasha. Alikuwa anauza kitu asichojua mnunuzi anakitakia nini, na muuzaji wa hivyo hana namna ya kupandisha bei. Kwa hiyo akamlenga Walter, mtu wa Karungu aliyechunga mahori ya maji ya mgodini, mwenye udhaifu wa ndizi mbivu. Kila Ijumaa alimwekea kichane kimoja na hakumwuliza kitu. Mwezi wa tatu Walter mwenyewe akaona haya, akampitisha mlango wa pembeni wakati wazungu wako kwenye chakula cha mchana.

Mong'ina aliona mahori marefu ya saruji yamepangwa yakishuka kama ngazi. Katika la juu maji yalikuwa buluu, buluu ya wino wa shule. Ndani yake mikebe yake ilikuwa imelala. Katika la chini kabisa maji yalikuwa yamepauka, ya kijani hafifu, na badala ya mikebe kulikuwa na tope jekundu jekundu, zito.

Walter alimweleza kwa Kiswahili chake chenye Kijaluo ndani. Mawe ya mgodini huchomwa, yakaoshwa kwa asidi, na shaba ikaingia majini. Buluu ile ndiyo shaba yenyewe, imeyeyuka, huwezi kuishika. Sasa tia chuma. Chuma kina pupa kuliko shaba. Kinaingia majini kwa nguvu na kuisukuma shaba nje, nayo ikitoka inakuwa tope. Mong'ina alielewa papo hapo, maana ndivyo soko la Uriri lilivyokuwa: mwenye pupa akifika anakaa, na aliyekuwa amekaa anakusanya mizigo yake.

Aliuliza maswali yake kama mtu anayekagua ng'ombe. Je, chuma kinageuka kuwa shaba? Walter akacheka, akasema hata baadhi ya wafanyakazi wa hapo huamini hivyo, lakini hapana. Kimoja kinaingia, kingine kinatoka, hakuna kilichogeuka. Chuma kiasi gani kwa shaba kiasi gani? Karibu ratili kwa ratili, na ongeza chuma kidogo kwa sababu asidi nayo inakula sehemu yake. Mbona mikebe inachomwa moto kwanza? Kwa sababu rangi na ngozi ya bati huzuia maji yasikiguse chuma. Na mabati ya nyumba, je? Hayo yamepakwa zinki, na zinki ina pupa kuliko hata chuma, inatangulia yenyewe. Tope linatoka jeusi, chafu. Tena zinki haina rangi majini, kwa hiyo huwezi kusoma kazi imefika wapi.

Neno hilo la kusoma ndilo lililomkaa. Walter alimfundisha: buluu maana yake shaba bado imo. Kijani hafifu maana yake shaba imetoka na chuma kimeingia. Na maji hayo ya kijani yakikaa siku mbili tatu na hewa hugeuka rangi ya chai, ukadhani ni kitu kingine, kumbe ni chuma kile kile kimebadilisha hali. Mong'ina hakuwa amesoma zaidi ya Agano Jipya la Kikisii, lakini alitoka pale akijua kusoma maji. Mwezi huo akaacha kuuza mikebe iliyochanganyika. Akaanza kuichoma mwenyewe, akaipeleka safi, akadai bei ya juu, na karani alipoguna akamwambia atie kwenye asidi mikebe ya wengine ikiwa na rangi juu yake, aone kitakachotoka. Karani alilipa.

Mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Watu walilia langoni kana kwamba kuna maiti ndani. Ogeto alifunga godoro, akasema sasa warudi vilimani, wamalize maisha kama watu. Mong'ina hakubishana naye kuhusu kurudi. Alimwuliza tu pampu za kutoa maji mgodini zimezimwa lini. Ogeto akasema zimezimwa. Mong'ina akataka kujua maji yataenda wapi, na mumewe akamwambia kwamba hilo si jambo la mke wa mtu kuuliza.

Maji yalikwenda yalikotaka. Yalijaa mgodini mwaka mzima, kisha yakatokea kwenye mlango wa zamani uliosahaulika, chini kabisa ya kilima, katika shamba la Rispa, mwanamke wa Kijaluo aliyelima mtama na kufuga mbuzi. Majani yakafa. Vyura wakanyamaza. Mbuzi wawili wakafa, na majirani wakasema ni machozi ya waliofukiwa humo ndani. Mong'ina alifika siku ya tatu baada ya kusikia. Rispa alipogeuka kufukuza kuku, yeye alichovya ncha ya kisu chake cha ndizi majini, akahesabu polepole mpaka mia, akakitoa. Kilikuwa chekundu. Akakifuta kwenye kanga yake haraka, kisha akaanza kusikitika kwa sauti kuhusu mbuzi.

Walipatana kuanzia asubuhi hadi jua la utosi. Mong'ina alisema atayahamisha maji yale, atayapitisha kando mpaka kwenye miamba, na anachotaka ni ule ukanda tu ambao tayari umekufa. Rispa hakuwa mjinga. Alisema mtu hatoki Kisii kuja kuhamisha maji ya watu kwa huruma. Hakujua faida iko wapi, lakini alijua ipo, na hakukubali mpaka alipoahidiwa mabati kumi na mawili ya kuezekea nyumba. Mong'ina alimheshimu tangu siku hiyo. Mabati aliyaleta yote, mapya, na mahori akayachonga kwa magogo, yakafungwa kwa vigingi vya mti mtupu. Msumari mmoja tu ungeliwa na hori lingefumuka.

Kanisani hawakumwacha hivi hivi. Wazee wa Sabato walimwita, wakamwambia kwamba mahori yake yanafanya kazi Jumamosi. Akawajibu kwamba yeye hutia mikebe Ijumaa kabla ya jua kuzama na haigusi hadi Jumapili. Maharagwe yao nayo yanaota Jumamosi, na hajaona mtu akiyakemea. Wakamwombea, na mikebe ikaendelea kuliwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi mwaka 1968, aliposhusha magunia sita ya tope kavu kwenye gati la Homa Bay, yapande meli ya Alhamisi kwenda Kisumu, kwa Mhindi mmoja mwenye karakana ya kuyeyusha.

Homa Bay kulikuwa na Jared, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mwenye stoo kubwa na saa ya mfukoni. Mara tatu alikuwa ametaka kumwuzisha Mong'ina tope lake pale pale, kwa bei ya mtu anayedhani mwenzake ana shida, na mara tatu alikataliwa. Wiki iliyotangulia waya za simu zilikuwa zimekatwa njia ya Rongo, nguzo kumi na moja, na shaba yote imebebwa. Jared alikwenda kwa polisi kama raia mwema. Alisema kuna mama hana mgodi, hana leseni ya mgodi, ila ana magunia sita ya shaba. Waya ukichomwa na kutwangwa, alisema, unakuwa unga. Wakauangalie.

Inspekta aliitwa Gisiri, Mkuria, mtu mtaratibu. Simu ya mezani kwake ilikuwa imekufa siku tano, na wakubwa walikuwa wakimletea barua za ukali kwa basi. Aliyafungia magunia stoo ya gatini, akamketisha Mong'ina kwenye kreti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Nimeshasikia mali iliyoachwa na shangazi, nimesikia iliyookotwa njiani. Iliyotoka kwenye maji ndiyo ya kwanza."

"Basi leo umepata mpya, Afande. Tuma mtu akachote."

Gisiri alimtazama. Mong'ina hakuinamisha macho. Akasema kwamba ikiwa yeye ni mwizi, maji yatakuwa maji tu na watamfunga. Ikiwa si mwizi, wataona. Lakini hatafungwa kwa sababu ya mdomo wa mtu aliyekataliwa magunia.

Inspekta alikubali kwa masharti. Mama asisogelee maji hayo wala kuyagusa. Angebaki Homa Bay, na askari Ombati angekwenda Migori, achote mlangoni mwa mgodi mwenyewe, arudi. Leo ilikuwa Jumatatu. Ikifika Alhamisi maji hayajasema kitu, magunia yatakuwa ushahidi na yeye atapelekwa kwa hakimu wa Kisii. Mong'ina alijua uzito wa hilo. Mtu akiingia rumande miezi mitatu, ule ukanda wa Rispa haubaki wazi. Jared angekuwa amekwisha kuukodi kabla mikebe haijakauka.

Naye akatoa sharti lake moja. Maji yachotwe kwa chungu. Si debe, si ndoo, si sufuria. Alilisema kwa Inspekta, akalirudia kwa Ombati, akamfuata hadi barabarani akalisema mara ya tatu, na akamnunulia chungu mwenyewe, kipya, cha udongo, chenye kifuniko.

Siku mbili hizo hakukaa kulia. Aliuza samaki wakavu wa mtu mwingine kwa makubaliano ya sehemu, pale pale gatini, ili awe anaona mlango wa stoo. Jumanne alasiri Jared alikuja, akasimama juu yake akichezea saa yake, akamwita kwa Kijaluo binti wa Kisii.

"Nyar Kisii, tuongee kama watu wazima. Niachie hayo magunia kwa nusu ya bei ile ya kwanza. Mimi nitamwambia Inspekta nilikosea, macho yangu ni mabaya siku hizi."

"Macho yako ni mazuri, Bwana Jared. Yamesoma waya kwenye gunia lililofungwa."

"Unajua rumande ni nini?"

"Najua. Ni mahali utakapopita kunisalimia ukiwa umevaa shaba yangu. Sogea kidogo, unawakinga samaki jua."

Wachuuzi wenzake walicheka, na Jared akaondoka bila kuaga.

Jumatano saa tisa basi la Migori likafika. Gati lilikuwa limejaa, maana habari ya mama anayetoa shaba majini ilikuwa imetangulia. Ombati alishuka amevaa magwanda yake, kofia sawasawa, na begani amebeba debe la mafuta ya taa lililofungwa kitambaa na nta juu.

Mong'ina aliliona debe kabla ya kumwona askari. Akili yake ikaanza kuhesabu saa: tangu lini, tangu wapi.

Gisiri alivunja nta mwenyewe, akamimina maji kidogo kwenye bakuli jeupe la udongo lililoletwa kutoka hotelini. Watu walisogea. Walikuwa wameahidiwa wino wa shule. Walichoona ni maji yaliyopauka, ya kijani cha majani yaliyochemshwa mara ya pili. Jared ndiye aliyetoa msumari, akausugua kwenye jiwe mpaka ukang'aa ili pasiwe na kisingizio, akautia. Inspekta akatoa saa. Robo saa ikapita. Msumari ukatolewa, ukapitishwa mkono kwa mkono. Ulikuwa msumari.

Jared aliongea wakati huo kuliko alivyoongea mwaka mzima. Alisema amenunua vyuma miaka ishirini, na chuma kikitiwa majini kinatoa kutu, hakuna mwanamke duniani atakayekifanya kitoe kitu kingine. Alisema mlimani kwao Kisii huenda mambo hayo yapo, lakini hapa Homa Bay watu wamesoma. Mtu mmoja akaanza kumwita Mong'ina mkata waya, na sauti nyingine zikaingia. Gisiri alifunga saa yake na kunyoosha mkono kuchukua daftari.

Mong'ina alikuwa bado amekaa kwenye kreti. Hakuinuka.

"Afande, kabla hujaandika. Chungu changu kiko wapi?"

Inspekta alimgeukia Ombati. Ombati alitazama viatu vyake. Maneno yalimtoka kwa vipande. Alichota kwa chungu, kama alivyoambiwa. Akatembea nacho hadi stendi ya Migori. Pale stendi makondakta walimwona, askari wa serikali amebeba chungu kama mwali anayetoka kisimani. Mmoja akamwuliza ameolewa boma gani. Mwingine akajitolea kumtwisha kichwani. Ombati akaenda kwa shemeji yake anayekaa nyuma ya soko, akaomba debe, akamimina, akakiacha chungu huko. Debe lilikuwa na kutu ndani, lakini alilisuuza.

Gati lote likacheka, hata waliokuwa wakimwita Mong'ina mkata waya. Gisiri peke yake hakucheka.

"Ulimimina lini?" Mong'ina aliuliza.

"Jana. Kama saa sita hivi. Basi likaharibika, nikalala huko."

"Na ulipochota yalikuwa rangi gani?"

"Buluu," Ombati alisema. Akafikiri. "Buluu sana, Mama. Nilidhani labda mtu ameyatia dawa."

Mong'ina aliinuka sasa, akapangusa sketi yake. Alijua ameshika kitu, na alifanya anachofanya kila mfanyabiashara anapojua ameshika kitu: akaacha kuharakisha. Alimwuliza Inspekta kama amesikia. Akasema maji yalitoka Migori yakiwa buluu, askari wa serikali ameshuhudia. Hapa yamefika bila buluu. Buluu haikushuka kwenye basi ikaenda zake. Kwa hiyo imebaki kwenye kitu ambacho maji yalikuwa ndani yake.

"Mimi nimekatazwa kugusa," alisema, "na sitagusa. Bwana Jared ndiye asomaye magunia yaliyofungwa. Amwage hayo maji yote, aingize mkono ndani ya debe."

Jared hakutaka. Inspekta alisema afanye. Maji yakamwagwa kwenye mawe ya gati. Jared alikunja mkono wa shati kama mtu anayeingiza mkono kwenye shimo la nyoka, akapapasa chini ya debe, akautoa. Vidole vyake vinne vilikuwa na tope jekundu. Alijifuta kwenye kreti, na kreti nayo ikashika.

Gisiri alichukua debe, akaligeuza, akachungulia. Akaomba panga kwa mvuvi mmoja, akalipasua ubavuni, akalifungua kama kitabu. Kutu ya ndani haikuwepo tena. Kuta zilikuwa zimevikwa wekundu, mzito chini, mwembamba juu, na ukomo wake ulikuwa mstari ulionyooka pale maji yalipofikia. Alikwaruza kwa ncha ya panga. Chini ya mkwaruzo pakang'aa kama bangili mpya ya shaba. Akaliinua juani, na karibu na kiungo cha pembeni mwanga ukapenya vitundu vidogo kama vya sindano.

Mwanamke mmoja katika umati alisema kwa sauti ya chini kwamba debe limegeuka kuwa shaba, na wengine wakarudi nyuma hatua moja. Hilo lilimkera Mong'ina kuliko kuitwa mwizi. Aliwaambia hakuna kilichogeuka. Shaba ilikuwa majini tangu Migori. Chuma cha debe kimeingia majini, shaba ikatoka na kukaa mahali pake, ndiyo maana debe limetoboka na maji yamekuwa kijani. Kijani hicho ni chuma cha shemeji. Wakiweka bakuli hilo hapo mpaka Ijumaa litakuwa rangi ya chai, wasije wakasema ni yeye amepita. Na msumari wa Bwana Jared haukupata shaba kwa sababu debe lilitangulia kula yote. Wanaotaka uchawi waende kwingine, yeye anafanya biashara.

Jared alijaribu mara moja tu. Alisema askari huenda amepewa kitu, huenda debe lilipakwa huko Migori.

"Debe ni la shemeji ya askari wangu," Gisiri alisema bila kuinua sauti. "Endelea, Bwana Jared. Ulikuwa unataka kusema nini kuhusu askari wangu?"

Jared aliteremsha mkono wa shati aliokuwa ameukunja, akafunga kifungo.

Inspekta aliagiza stoo ifunguliwe. Wapagazi wakatoa magunia sita, wakayapanga karibu na mahali meli ingefunga asubuhi. Alimwambia mama yuko huru kwenda na mali yake, na kwamba kazi ya polisi ni kuuliza, asichukie.

Mong'ina alikaa juu ya gunia la kwanza.

"Sijachukia. Andika."

Gisiri akataka kujua aandike nini. Akamwambia aandike kwamba maji ya mlango wa mgodi wa zamani yana shaba, kwamba yamepimwa mbele yake, kwamba tope lililo kwenye magunia ya Bathsheba Mong'ina ni la maji hayo na si la waya. Atie saini. Apige muhuri. Gisiri akasema hakuna karatasi ya namna hiyo serikalini. Mong'ina akasema ndiyo maana inabidi iandikwe, maana mwezi ujao atarudi na magunia mengine, na inspekta anaweza kuhamishwa, na akina Jared hawahamishwi. Yeye haondoki. Meli ikija, ipakie watu wengine. Magunia yake yatakaa hapa gatini na yeye juu yake, na kila abiria atakayeuliza ataelezwa kisa chote tangu chungu.

Ombati aliposikia neno chungu alitazama kwingine. Gisiri alichukua daftari lake. Kisha akaenda ofisini, na baada ya muda watu wakasikia mashine ya kupiga chapa ikigonga polepole, herufi moja moja.

Wakati huo Mong'ina alishuka kwenye gunia, akaliendea debe lililopasuliwa, akaazima kijiko kwa mama muuza uji, akaanza kukwangua. Ombati alimwambia kwa heshima kwamba hicho ni kielelezo cha polisi, na tena debe ni mali ya shemeji.

"Chuma ni cha shemeji, kilichobaki," Mong'ina alisema bila kuacha kukwangua. "Shaba ilitoka kwenye maji yangu."

Alikwangua ubavu mmoja, akakwangua wa pili, akaingia kwenye pembe ambako ilikuwa imeganda, na kilichopatikana, kama konzi moja na nusu, akakitia kwenye gunia la sita na kulifunga tena. Kisha akakikunja kipande cha bati kilichobaki, chembamba, chenye matundu, akamkabidhi Ombati mkononi, na kukaa juu ya gunia lake kungoja muhuri.